Nani Yuko Karibu, Nani Yuko Mbali: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Familia Yako

Kila Januari, watu wakisharudi kutoka ushago, huniletea picha walizopiga nyumbani na malalamiko yaleyale: hazisemi kitu. Zimepigwa huku Kenya, Siaya, Butere, Ahero, Molo, lakini karibu zote ni picha moja. Watu wamepangwa mstari mbele ya nyumba, warefu nyuma, watoto wamechuchumaa mbele, mikono imenyooshwa ubavuni, na mzee yuko katikati amekunja uso kwa sababu jua linamchoma machoni. Kwa kumbukumbu zinafaa. Ila mtu asiyeijua familia hiyo hawezi kukuambia ni mtoto yupi aliyelelewa na nyanya, wala ni ndugu wepi ambao hawajazungumza tangu shamba ligawanywe.

Simu haina kosa. Ukaribu na umbali wa watu hukaa katika nafasi iliyo kati yao: bega na bega, kiti na kiti, mlango na mlango. Ukiwapanga mstari, nafasi hiyo umeifuta kabla hujabonyeza. Hatua za hapa chini zinahusu kuiacha nafasi ilivyo, kuiona, kisha kuipiga. Zifuate kwa mpangilio wake. Wengi hurukia hatua ya sita, na ndiyo maana hukwama.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi. Picha ya megapikseli 12 huwa na takriban pikseli 4000 kwa 3000, na hizo zinatosha kusafisha (yaani kutoa kwenye karatasi) picha ya ukubwa wa A4 bila kuonyesha chenga. Kamera yenye lenzi ya milimita 35 nayo ni sawa.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani. Lenzi ya simu ya mfukoni hujaa mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo huleta ule ukungu mweupe ambao watu hudhani ni ubovu wa kamera.
- Daftari na penseli.
- Pawabenki, hasa unakoenda stima ikiwa ya kubahatisha.
- Nafasi ya GB 5 hivi kwenye simu.
- Shuka jeupe moja.
- Kigoda, ndoo au matofali mawili ya kuegemezea simu.
- Pesa za kusafisha picha 20 hadi 30 za inchi 4 kwa 6.
- Siku tatu za mfululizo nyumbani, na zaidi ukizipata. Wikendi ya kuja na kuondoka haitoshi, maana siku ya kwanza kila mtu bado anakukaribisha kama mgeni.

## Hatua ya 1: Chora boma kabla ya kugusa simu

Keti na daftari uchore nyumbani kana kwamba unapaangalia kutoka juu: lango, nyumba kubwa, jikoni, simba (vijumba) za vijana, zizi, mti ambao watu hukaa chini yake. Kama familia inaishi kwenye ploti ya vyumba viwili mtaani, Nyalenda ya Kisumu au Kaptembwo ya Nakuru, chora kitanda, kochi, mlango, na korido ya kuanikia nguo. Kisha weka majina. Kila mtu huketi wapi jioni? Nani huingilia mlango wa mbele, na nani huzungukia jikoni?

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba boma lenyewe limekwisha kupima umbali kwa niaba yako. Katika boma la Kiluo, nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango, na simba za vijana huwa karibu na lango. Kijana akikua, husogezwa kuelekea nje. Hilo ni jambo la kupigwa picha, na hulioni kama macho yako yako kwenye kioo cha simu.

Ukimaliza kuchora, chagua uhusiano mmoja, miwili ikizidi sana. "Familia yangu" ni kubwa mno. "Mama na wifi yangu" ni kazi inayofanyika. Uandike kama swali ambalo jicho linaweza kulijibu, kwa mfano: kwa nini baba na kaka yangu huzungumza wakitazama ng'ombe, hawatazamani? Swali kama "je, tunapendana?" halipigiki picha.

Utajua umefaulu ukisoma swali lako na papo hapo ukaona mahali na saa ya kwenda kusimama.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa, mmoja mmoja

Anza na mkubwa wa nyumba, hata kama picha hazimhusu. Akisikia habari zako kutoka kwa watoto, atahisi umempita, na hapo kazi imekwisha. Baada yake, ongea na kila mtu peke yake. Ukiomba mbele ya watu, hakuna atakayekataa, na ruhusa ya aibu hutoa picha za aibu.

Sema wazi unachotaka. Kwa mfano: "Mama, nataka kukupiga picha siku hizi zote ukiendelea na kazi zako. Si za sherehe, usiache unachofanya. Ukichoka nami niambie, nitaweka simu. Na kabla sijamwonyesha mtu yeyote, utaziona wewe kwanza."

Mama atasema sawa, kisha ataingia chumbani na kutoka akiwa na gauni la kanisani na kilemba. Usimkatalie. Mpige hiyo picha, nzuri kabisa, ameketi anavyotaka yeye, na uende ukaisafishe. Akishapata ya kwake atakuachia zile zako.

Watoto: ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai hivyo kwa data za watoto, na hata bila sheria ungeuliza. Mtoto akikimbia kila unapoinua simu, hilo nalo ni jibu.

Anayekataa: mjomba akikataa, amekataa. Usimvizie kutoka dirishani. Unaweza kupiga koti lake kwenye msumari au baiskeli yake ukutani, lakini mwambie kwamba utafanya hivyo.

## Hatua ya 3: Zisome picha za zamani

Katika nyumba nyingi za huku, picha hutundikwa juu kabisa ukutani, karibu na dari, pamoja na kalenda za miaka iliyopita. Zingine zimo kwenye albamu chini ya kitanda au katika bahasha pamoja na vyeti. Omba kuziona mkiwa na mtu mzima mmoja anayezijua. Nyanya anafaa kuliko wote, iwe nyumbani mnamwita dani au kukhu.

Usiulize "huyu ni nani?" peke yake. Uliza nani alipiga, nani alikuwa amesimama hapo kisha akatoka, na kwa nini huyu amewekewa mkono begani na yule hakuwekewa. Andika majibu. Mara nyingi hapa ndipo utagundua kwamba umbali unaouona leo ulianza zamani, au kwamba watu wawili waliotengana leo walikuwa hawaachani.

Kuzinakili, weka picha juu ya meza kando ya dirisha, pasipo jua la moja kwa moja. Zima flashi, shika simu sambamba na picha, na ukiona mng'ao, zungusha meza wala usiinamishe simu. Piga na upande wa nyuma kama una maandishi.

Tahadhari: picha iliyogandamana na kioo cha fremu kwa unyevu usiivute, maana rangi itabaki kwenye kioo. Inakili ikiwa hapohapo. Zile za albamu za gundi, pitisha uzi mwembamba chini yake polepole, na zisipotoka ziache. Familia za Nyando na Budalang'i, ambako mafuriko hurudi mara kwa mara, hii hatua ifanyeni kwanza kuliko zote, na nakala ikae mahali pengine mbali na nyumba.

## Hatua ya 4: Tayarisha simu, na uamue utasimama wapi

Futa lenzi. Zima flashi, filta, na urembo wa sura. Simu nyingi za madukani kwetu huja urembo huo ukiwa umewashwa, nao hufuta mikunjo ya nyanya na kumtia weupe asio nao. Washa mistari ya gridi ili kuta zisipinde.

Sasa jambo ambalo karibu kila anayeniletea picha hakuwa amelijua: mahali unaposimama hubadilisha umbali kati ya watu kwenye picha, hata kama wao hawajasogea.

Jaribu mwenyewe. Mwombe mama asimame uani na kaka asimame mita 10 nyuma yake, upande wa lango. Simama mita 2 kutoka kwa mama upige. Kaka yuko mita 12 kutoka kwako, kwa hiyo kwenye picha ataonekana na kimo cha karibu sehemu moja ya sita ya mama. Ni kama mtu anayekwenda zake. Sasa rudi nyuma hadi mita 20 kutoka kwa mama, vuta kwa zumu, upige tena. Kaka yuko mita 30, na kimo chake sasa ni thuluthi mbili ya mama. Wanaonekana wamesimama pamoja.

Watu ni walewale, na miguu yako ndiyo iliyobadilisha habari. Kwa sababu hiyo, chagua lenzi kuu ya simu, ile iliyoandikwa 1x, uishike hadi mwisho wa kazi. Usivute. Usitumie ile pana ya 0.5, maana huwanyoosha watu walio pembeni na kupanua mwanya ulio kati yao. Ukitaka kukaribia, tembea. Picha zikipigwa kwa lenzi moja, mtazamaji anaweza kuamini tofauti anazoziona.

Umbali wa kusimama nao ujichagulie. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall aligawa nafasi za watu hivi: hadi sentimita 45 ni ya wapendwa wa karibu kabisa, hadi mita 1.2 ni ya marafiki, hadi mita 3.6 ni ya shughuli za kawaida, na zaidi ya hapo ni ya hadhara. Alivipata vipimo hivyo kwa Wamarekani wa tabaka la kati, kwa hiyo usivichukue kama amri. Kwenye matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, sentimita 45 ni anasa. Vitumie kama pa kuanzia: piga tukio moja ukiwa umbali wa mkono, kisha mita 2, kisha mita 4, na uandike ni ipi inayosema ukweli unaoujua.

Tahadhari: kwa lenzi hiyo usipige uso chini ya mita moja, pua itavimba. Mikono, miguu na vitu unaweza kuvikaribia.

## Hatua ya 5: Tafuta mwanga ndani ya nyumba ya mabati

Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu. Maana yake kwa mpiga picha ni mbili. Mchana jua huwa karibu utosini na huchimba mashimo meusi machoni pa watu. Na jioni giza huingia haraka: jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na mwanga ule laini hauzidi saa moja kabla yake. Kaa tayari kuanzia saa 11. Mvua ya jioni ya Kisumu ikikupokonya siku, tumia asubuhi.

Ndani ya nyumba, mlango ndio taa yako. Mtu akae mita moja hivi kutoka mlangoni, ubavu wake ukielekea nje. Upande wake wenye giza tundika shuka jeupe kwenye kiti ili lirudishe mwanga usoni. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie hadi mwangaza ufungwe, kisha punguza kidogo kama ngozi inang'aa kupita kiasi. Usipougusa uso, simu itapima mwanga wa nje na mtu wako atakuwa kivuli.

Jikoni kwenye moshi ni pazuri sana, ila futa lenzi kila baada ya dakika chache.

## Hatua ya 6: Kupiga ukaribu

Watu walioambiwa "karibianeni" hugusana kama wageni. Wape kazi, au tuseme, wakute kwenye kazi. Kuchambua mboga za kienyeji. Kupukuchua mahindi. Kukunja mashuka wawili wawili. Mjukuu akimsomea nyanya ujumbe wa M-Pesa, vichwa viwili juu ya simu moja.

Kusuka nywele ndilo zoezi la kwanza ninalompa kila mtu. Anayesukwa huketi chini kati ya magoti ya msusi, kichwa kimeegemea paja, na hali hiyo hudumu kwa saa kadhaa. Hakuna mtu anayeweza kuigiza saa hizo zote. Piga picha 15 za kipindi kimoja cha kusuka bila kuonyesha uso wowote: vidole, shingo, goti, kitana, miguu ya mtoto aliyesimama pembeni akisubiri zamu. Zikiwa tayari, mwonyeshe mtu asiyewajua umuulize hao wawili ni nani kwa nani. Akikisia sawa au karibu na sawa, umefaulu.

Mambo mengine mawili yanasaidia.

Kwanza, piga ile picha ya mstari watu wanayoitaka, kisha usishushe simu. Wakisikia "haya, imetoka," miili hulegea. Nyanya hutafuta mkono wa mtu. Mtoto hurudi kwa yule aliyemzoea. Baba hutoka peke yake. Sekunde hizo kumi zina habari kuliko asubuhi nzima ya kupanga watu.

Pili, keti. Ukiwa umesimama na wao wako kwenye mkeka, kila picha itakuwa ya mgeni. Shuka hadi macho yako yalingane na yao.

Tahadhari: mtoto anapoogeshwa kwenye beseni ni picha ya kila nyumba na wala si ya kusambazwa. Piga mikono ya anayemwogesha na povu, mwili wa mtoto uache.

## Hatua ya 7: Kupiga umbali

Hapa ndipo penye uzito. Watu hudhani umbali ni mmoja, wakapiga kiti kitupu kisha wakaona wamemaliza. Kiti kitupu kimechoka. Umbali wa nyumbani una aina zake, na kila aina hupigwa kivyake.

Umbali wa heshima. Katika jamii nyingi za huku, Waluo na Waluhya wakiwemo, mkwe na mama mkwe hawaketi bega kwa bega wala hawashikani ovyo. Binti mkubwa na baba yake nao huacha nafasi. Ukiipiga nafasi hiyo vibaya, mtazamaji atasoma chuki mahali palipo na adabu. Dawa ni kuingiza tendo ndani ya mwanya. Mkaza mwana akimnawisha baba mkwe mikono kabla ya chakula: birika juu, beseni chini, mkono umenyooshwa, kiuno kimeinama. Simama ubavuni ili ncha zote mbili ziingie kwenye fremu, mita 2 hivi, na ungoje maji yaanze kumwagika. Ukifaulu, mwanya utaonekana na upole utaonekana, katika picha moja.

Tahadhari: usimwombe mkwe asogee kwa mama mkwe "kidogo tu kwa ajili ya picha". Kwa wengine hilo ni kosa lisilofutika kwa samahani ya mdomo.

Umbali wa safari. Kaka yuko Nairobi, dada yuko Ghuba, mtu yupo Nakuru na hufika nyumbani Desemba. Tafuta yale ambayo nyumba hufanya kwa sababu mtu huyo hayupo: simu inayochajiwa mapema kwa kuwa yeye hupiga usiku, omena inayofungwa kwenye karatasi ipelekwe stendi ya basi, godoro lililokunjwa na kuwekewa nguo juu.

Mazungumzo ya video yapigwe gizani kidogo, ili mwanga wa simu uangukie uso wa anayezungumza. Pima mwangaza kwa kugusa uso, wala si kioo. Ukiona michirizi kwenye kioo cha simu, badilisha pembe au rudi nyuma kidogo.

Zoezi zuri zaidi ni la picha pacha. Mkubaliane na aliye mbali kwamba saa fulani nyote mtapiga kitu kilekile: mlango, kikombe, mikono. Saudi Arabia na Qatar zina saa ileile ya Kenya, kwa hiyo hakuna hesabu. Dubai iko mbele kwa saa moja. Picha mbili zikiwekwa sambamba, umbali unaonekana bila maneno yoyote.

Tahadhari: dada anayefanya kazi katika nyumba ya mtu asipige nyumba hiyo wala watu wake. Anaweza kuingia matatani. Chumba chake, mkono wake na dirisha lake vinatosha.

Umbali wa kimya. Huu ni wa ugomvi, na ndio mgumu. Kamera isitumike kupatanisha wala kuchokoza. Watu wasioongea hupigwa kila mmoja mahali pake, kwa umbali uleule na saa ileile, kisha picha zikawekwa pamoja. Au tumia kilicho kati yao: kamba ya nguo, ua la mchongoma, ukuta wenye milango miwili.

Mgongo pia unatosha. Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, alipiga mfululizo mzima wa watu waliompa mgongo, na bado unaona mwili unasema. Baba anayetoka kuelekea zizini baada ya mazungumzo mafupi anaeleza mengi kuliko uso wake ungeeleza.

Na kuna matanga. Huku magharibi, mwenye maikrofoni huita watu kwa makundi kupiga picha na jeneza: watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, wanakwaya. Orodha hiyo ndiyo ramani ya ukoo, ikisomwa kwa sauti mbele ya hema. Ila mpiga picha aliyekodishwa huangalia mbele tu. Wewe, kama umeruhusiwa na wenye msiba, geuka uangalie nyuma: nani amesikia kundi lake likiitwa akabaki kwenye kiti, nani ameitwa mara mbili, nani amesimama katikati ya njia hajui ni wa kundi gani. Usiwapige wanaolia kwa karibu. Mita 4 na zaidi, na kama ni wewe uliyefiwa, weka simu.

## Hatua ya 8: Ingia kwenye picha

Familia nyingi zina mtu mmoja ambaye hayuko katika picha yoyote, kwa sababu ndiye aliyeshika simu. Umbali wako nao ni sehemu ya swali.

Egemeza simu kwenye kigoda au matofali, weka taima ya sekunde 10, chagua kupiga picha kadhaa mfululizo kama simu inaruhusu, kisha uende ukakae pale unapokaaga siku zote. Usikae katikati. Rudia jioni mbili. Selfi haifai hapa: mkono wako huamua umbali, na watu wote hujikusanya kwako.

Umefaulu ukiangalia picha ukajiona ulivyo kwa kila mmoja wao, hata kama hujapenda ulichokiona.

## Hatua ya 9: Chagua kwa kuziweka chini

Usichague kwenye simu. Kioo kidogo hupendelea sura nzuri. Safisha picha 20 hadi 30 za inchi 4 kwa 6, uzitandaze kwenye mkeka. Zipeleke studio kwa flashi diski au kebo ya USB. Ukilazimika kutuma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha hupunguzwa ubora.

Sasa funika nyuso kwa vidole au vipande vya karatasi, picha moja baada ya nyingine. Ikibaki na maana bila nyuso, iweke kulia. Isipobaki, iweke kushoto. Utaumia kuacha picha ambayo mama ametabasamu vizuri. Mpe mama, lakini isiingie kwenye mfululizo.

Baki na 10 au 12. Usizipange kwa tarehe. Zipange kwa upana wa mwanya: anza na pale watu wamegusana, endelea hadi pale hawamo tena katika fremu moja. Kisha jaribu kinyume chake. Familia moja hubadilika kabisa kwa kugeuza mpangilio, na ni juu yako kuamua ni upi wa kweli.

Maelezo ya chini ya picha yawe mafupi: nani, wapi, saa ngapi. "Mama na kaka, zizini, saa 12 jioni." Usiandike "hawapendani".

## Hatua ya 10: Wenyewe waone kwanza

Ulimwahidi mama. Keti naye, mpe picha zilizosafishwa mkononi, na unyamaze. Zikiwa mkononi watu huongea kuliko kwenye simu. Hapa utasikia marekebisho: "Hapo sikuwa nimekasirika, jino liliniuma." Andika.

Mtu akisema picha fulani itoke, itoe mbele yake, na nakala zake zote pia. Usijadiliane. Walio kwenye umbali wa kimya waonyeshwe kila mmoja peke yake, tena picha zake tu.

Nyuma ya kila picha andika majina na mwaka kwa penseli laini, maana wino wa biki unaweza kuchafua picha. Hifadhi mafaili mahali pawili, moja likiwa nje ya simu. Aliye mbali mpelekee picha ya karatasi kwenye mzigo pamoja na unga.

Kama una subira, rudia mwakani mahali palepale. Mmarekani Nicholas Nixon alianza mwaka 1975 kumpiga picha mke wake pamoja na dada watatu wa mke huyo mara moja kila mwaka, kwa mpangilio uleule wa kusimama, na aliendelea kwa miongo kadhaa. Ili uweze kurudia, andika leo ulisimama wapi: hatua ngapi kutoka mti upi.

## Ukikwama

*Kila mtu anageukia kamera.* Hujakaa nao vya kutosha. Fanya kazi nao saa nzima, simu ikiwa mfukoni, ndipo uanze.

*Picha zimetikisika.* Mwanga ni mdogo. Egemea fremu ya mlango, bana viwiko mbavuni, au msogeze mtu karibu na mlango.

*Mfululizo wote ni wa huzuni.* Umepiga umbali tu. Rudi jikoni asubuhi, kabla ya chai.

*Wote wanacheka na wewe unajua si kweli.* Umepiga wakati wa wageni. Ngoja waondoke.

*Kuna mtu hayumo kabisa, na hukukusudia.* Angalia tena ule mchoro wa hatua ya kwanza. Huenda hata pale hukumwandika. Kama ni hivyo, swali lako la kazi inayofuata umelipata.